Kabla Hujafika kwa Mama Nestori

Minza, mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na najua hamtamaliza mapema, maana kwaya yenu haijawahi kumuaga mtu kwa wimbo mmoja. Nimeona niandike sasa, jua bado lipo, kabla moyo haujanigeuka. Tangu Jumapili najaribu kukuambia kwa mdomo nashindwa. Juzi tulipokuwa tunachambua mchele nilifungua kinywa, nikaishia kukuuliza kama umefunga shuka. Ukacheka, ukasema, "Mama, hilo umeuliza mara tatu." Basi, ya shuka na ya chandarua nayaacha. Wewe ni mtu mzima.

Nina jambo moja tu. Kesho unakwenda Nkome kuanza kazi, na atakayekupokea, akakupa chumba, akakutembeza kwa wavuvi na wakaushaji wa dagaa mpaka wakukubali, ni Mama Nestori. Wewe unamjua kama rafiki yangu wa simu, yule mwenye sauti nzito na salamu ndefu. Unajua pia kwamba mwanawe alifia hapa kijijini kwetu, enzi za machimbo. Usichokijua, na ambacho hata yeye hakijui, ni kwamba mimi nina mkono katika kifo kile. Nimekaa na jambo hili tangu uko darasa la nne. Siwezi kukuacha ukalale nyumbani kwake ukiwa hujui.

Kilichonisukuma zaidi ni ile karatasi yako ya hotuba uliyoiacha mezani. Nisamehe, nimeisoma. "Ndugu zangu wa Nkome, tulilinde ziwa letu, urithi tulioachiwa na mababu zetu, ili nasi tuwaachie wajukuu zetu." Umeandika vizuri, na mwandiko umeuchukua kwa baba yako, si kwangu. Lakini nilipofika mstari huo niliiweka karatasi chini. Maneno hayo nilishayasema mimi, karibu neno kwa neno, ila mimi nilisema ardhi.

Hebu nikuulize kwa nia njema. Hao watu uliotumwa kuwaambia waache kutupa nyavu kwenye mazalia ya samaki, wengi wao wametoka wapi? Wewe mwenyewe uliniambia: Kigoma, Ukerewe, Kagera, wengine wamevuka mpaka. Sasa ni babu wa nani aliyewaachia ziwa la Nkome? Mtu aliyefika mwaka jana na begi moja akisikia hivyo, anajua kwamba hukumwandikia yeye. Umewaandikia wenyeji, yeye umemfanya msikilizaji wa pembeni. Najua, maana nilimwona mtu kama huyo akinisikiliza hivyo, nikamkasirikia.

Rashi ya dhahabu ilipofumuka, watu wakamiminika kule kwenye bonde la mto, ulikuwa mdogo lakini utakumbuka zile turubai za bluu. Ndani ya mwezi mmoja watu wageni walikuwa wengi kuliko sisi. Walikodi vyumba kwetu, tuliwapangisha hata stoo za pamba, tukafurahi, halafu tukaanza kuwanung'unikia. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti, tusidanganyane. Hakuna mwanamke mwenye koo kama langu kuanzia hapa mpaka Bugarama. Tukapewa semina, tukaelezwa kuhusu zebaki. Wachimbaji wakishasaga mawe na kuosha, wanaikanda zebaki pamoja na mchanga, dhahabu inanasa, wanapata donge jeupe. Kisha donge wanalichoma, zebaki inapaa kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo ndio sumu. Na wenzetu walikuwa wanachomea popote, wengine kwenye jiko lile lile la kupikia, ndani ya chumba, ili mwenzao asijue wamepata kiasi gani.

Nikaitisha mkutano. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikasimama, nikaanza kwa salamu yetu, "mwangaluka," na kichekesho cha Kisukuma ili kuchangamsha watu. Wenyeji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wageni wakatazamana, hawakuelewa neno hata moja, wakadhani wanachekwa wao. Mimi sikuliona hilo, nilikuwa nafurahia kicheko. Nikaendelea kwa Kiswahili kuhusu ardhi ya mababu zetu na wajukuu zetu watakaokuja kulima bonde lile.

Akasimama kijana mmoja wa Kasulu, mwembamba, jina lake Bonifasi. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Naomba kuuliza. Hao wajukuu ni wa nani?"

Wenzake wakacheka. Ilikuwa zamu yao. Na mimi, badala ya kulisikia swali, nikasikia dharau. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Kama ardhi yetu haiwahusu, rudini kwenu!"

Wakanyanyuka mmoja mmoja, hawakugomba. Bonifasi alikung'uta suruali, akasema, "Haya mama, tumesikia," akaondoka. Wenyeji walinipigia makofi, na nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Baba yako peke yake ndiye aliyeniambia, "Umewatukana wapangaji wetu." Nikamnunia siku mbili.

Baada ya hapo sikupata mgeni hata mmoja wa kunisikiliza. Nikienda turubaini wananisalimia, wananipa kigoda, halafu wanaongea Kiha mpaka nachoka naondoka. Na moshi unaendelea. Ndipo nikafanya nililolifanya, na naomba usome polepole kwa sababu sitaliandika mara mbili.

Nilikwenda kwa kamanda wa sungusungu nikamwomba atuitie mkutano kwa mwano. Wewe umezaliwa hapa, hushangai. Kwetu mwano ukipigwa, yowe likipokezana na filimbi kutoka kitongoji hiki mpaka kile, kila mtu anatoka alivyo, anakimbilia sauti inakotokea. Mwizi wa ng'ombe, moto, mtoto aliyepotea, tunakimbilia huko. Asiyetoka ana kesi. Nilisema moyoni: safari hii watakuja, watake wasitake, na watanisikiliza. Kamanda alisita. Aliniuliza, "Mama Minza, kuna mwizi?" Nikamwambia, "Kuna sumu, ni mbaya kuliko mwizi." Akakubali kwa heshima yangu. Hakutaka yeye. Nilitaka mimi.

Ilikuwa mchana, watu wengi wako vyumbani wanapumzika jua. Filimbi zikalia pande zote. Wenyeji tulitoka mbio kuelekea uwanjani kama kawaida. Wageni walisikia kitu kingine kabisa. Kwao, wenyeji wenye fimbo wakipiga kelele pande zote maana yake ni moja, wanakuja kuwafukuza. Nao walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa kuwa mama mmoja mwenye sauti kubwa alishawaambia hadharani warudi kwao. Miongoni mwao walikuwamo wasio na karatasi za uhamiaji. Wakajifungia milango kwa ndani.

Mtu anayejiandaa kukimbia anabeba alichonacho. Walikuwa na madonge ambayo hawajayachoma. Wakawasha majiko, wakachoma yote kwa mpigo, vyumbani, milango imefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Minza, nilisimama uwanjani nikisubiri watu waje niwaeleze hatari ya moshi ule, na wakati huo huo walikuwa wanauvuta kwa sababu yangu.

Bonifasi alikuwa mmoja wao. Chumba chake kilikuwa kile cha mwisho, nyuma ya mashine ya kusaga. Mkewe alikuwa kitandani ananyonyesha. Jioni yule mama alianza kukohoa na kifua kumbana, Bonifasi naye homa. Mtoto hakukohoa sana, alikuwa anapumua haraka haraka tu. Aliitwa Nestori na alikuwa hajaanza kukaa. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, na huko walihangaika naye kwa kila walichokuwa nacho. Siku ya tatu akafariki.

Nikaenda msibani kwa sababu ni wajibu, na kwa sababu nisingeenda watu wangeuliza. Nilikaa kwenye turubai na wanawake wa Kigoma siku zote za matanga. Nilichota maji, nilikoroga ugali, niliosha masufuria, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza. Sikunyamaza kwa busara, usije ukanisifia hilo. Niliogopa tu kufungua mdomo.

Na kwa kunyamaza nikasikia. Wanaume kwenye mabenchi hawakuwa wanazungumzia bonde letu hata kidogo. Walikuwa wanazungumzia nyumba wanazojenga Kasulu, mama aliyeachiwa mbuzi, mashati mapya ya kwendea Krismasi. Wote walikuwa wanaishi kwetu kwa mwili tu. Kama ningewauliza siku ya kwanza, "Unarudi lini nyumbani, na unampelekea nini mama yako?" wangenijibu mpaka jua linazama. Badala yake niliwapa babu zangu mimi.

Siku ya kuanua matanga Bonifasi alikuja nilipokuwa nimeinama naosha vyombo. Alisema, "Mama Minza, uliniambia ardhi hii kama hainihusu nirudi kwetu. Sasa inanihusu. Nina kaburi hapa." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Nilitaka kumwambia palepale kwamba mwano ule niliuomba mimi, kwa maana wao walidhani ni amri ya kijiji. Sikumwambia. Nilisema, "Pole, baba," nikaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

Yaliyofuata unayajua, yale ninayoyasimulia kwenye semina. Nilirudi kwa Mama Nestori wiki hadi wiki, na ni yeye aliyeniambia, "Mama Minza, wewe usiseme. Sema na mimi, mimi nitasema nao." Tukapita chumba kwa chumba, tukianza na wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na lile jiko. Yeye akibisha hodi na kusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," mlango unafunguka. Hakuwa anataja mazingira. Alikuwa anashika shati la mtu lililotundikwa ukutani anamuuliza, "Hili ndilo utakalovaa ukienda kumkumbatia mama yako?" Kisha anamweleza kwamba moshi ule unakaa kwenye nguo, unapanda naye basi, unafika Kasulu kabla hajatoa zawadi. Nimeona wanaume wakubwa wakiyatoa majiko nje siku ileile.

Mimi nikadhani nimepata dawa ya kila mtu. Huo nao ni ujinga wangu, nakuambia ili usiurithi. Nikaanza kuimba "nyumbani kwenu, nyumbani kwenu" kwa kila mgeni niliyekutana naye. Mpaka nikafika kwa Deo. Kijana huyu alizaliwa kambini, wazazi wake walikimbia vita, na kambi yenyewe ikaja kufungwa. Nikamwambia amfikirie mama yake anayemsubiri nyumbani. Akasema, "Mama, mimi kwetu ni pale nilipolala jana."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshapata akili kidogo, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza, "Basi wewe unataka nini?" Akasema anataka jina lake litajwe kwenye mkutano wa kijiji, hata mara moja tu, kwa jambo zuri. Tulipotenga sehemu ya kuchomea, kule mbali na nyumba upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu, na kikaletwa kile chombo cha chuma chenye mfuniko kinachonasa moshi, tukamkabidhi Deo. Mwenyekiti akalitaja jina lake mbele ya watu. Ee Mungu wangu, alikuwa mkali! Alimfukuza mpaka mdogo wake kamanda wa sungusungu kwa kuchomea pembeni. Sisi wenye ardhi ya mababu hatukuwahi kuilinda vile.

Kwa hiyo karatasi yako usiichane, igeuze tu upande wa pili, uache nafasi ya maneno yao. Ukifika Nkome kaa kwanza na wanaoanika dagaa, uanike nao. Kuna atakayeyajali mazalia kwa sababu anataka mwanawe aliyeko Ukerewe apate ada mwakani, na samaki wakiisha ada inaisha. Kuna anayetaka tu wenyeji wamwite kwa jina lake wasimwite "yule Mha". Utawajuaje? Mimi sijui. Mimi nilijua kwa gharama ambayo hakuna mtu anayepaswa kuilipa, na wala sikuilipa mimi.

Sasa nirudi kwenye lile linaloninyima raha. Habari ya kijiji chetu ilisambaa. Watu wa mashirika walikuja na magari, wakapiga picha, mimi na Mama Nestori tumeshikana mikono. Nikaalikwa semina Shinyanga, nikaalikwa Geita. Kila mahali nilisema, "Tulipowasikiliza ndipo walipobadilika," watu wakaandika. Mwano sikuutaja hata siku moja. Nilisema tu, "Baada ya msiba mmoja." Wewe ulikuwa unasimulia shuleni kwamba mama yako aliwaokoa wachimbaji, nami nilikuwa nakutazama tu. Hata shirika lililokuajiri, nadhani jina langu lilisaidia. Sipendi kuliandika hilo, lakini ni kweli.

Na Mama Nestori ananiita dada. Dhahabu ilipopungua Bonifasi akaenda kwenye mitumbwi Nkome, naye akamfuata. Kila mwaka tarehe ya mtoto ananipigia simu kuniomba nikapalilie kaburi, na mimi naenda, napalilia. Mwaka huu alisema, "Dada, ni wewe peke yako uliyekaa na mimi siku zile." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Baba yako nimemwambia wiki iliyopita, naye hakuwa anajua. Alitoka akaenda zizini, akarudi akaniambia, "Yamepita. Ukimwambia sasa utamuua mara ya pili, na mtoto wetu atakosa pa kufikia." Ana hoja. Nimeigeuza hoja hiyo kila upande. Mama Nestori akikasirika, wewe ndiwe utakayeumia. Pale mwaloni, kwenye mitumbwi, hakuna mtu atakayemsikiliza msichana wa Kisukuma aliyekuja na karatasi kama yule mama hajasema, "Huyu ni wangu." Kazi yako ya kwanza maishani iko mikononi mwake. Nikinyamaza, utapokelewa kwa vigelegele na kazi itakwenda.

Ila wewe utakuwa unawaambia wageni wakuamini, ukiwa umesimama juu ya uongo wangu. Na ukishaisoma barua hii, uongo utakuwa wako pia. Utakula ugali wake ukiwa unajua. Siwezi kukufanyia hivyo, wala siwezi kukupa wewe kazi ya kumwambia. Nilifikiri kukupa bahasha umpelekee. Nikaona ni woga uleule wa kusugua sufuria.

Kwa hiyo, Minza, kesho hutaniaga stendi. Mfuko wangu uko nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshaufunga. Tunapanda wote mpaka Nkome, na tukifika wewe utabaki nje na mizigo, usiingie hata akikuvuta mkono. Nitaingia mimi kwanza, peke yangu, nimkute na Bonifasi kama yupo, niseme. Sijui nitatoka vipi mle ndani. Anaweza kunitoa kwa mwiko, na nitakuwa nimestahili. Anaweza akakaa kimya, na hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.

Akikukataa kwa ajili yangu, tutatafuta chumba kwingine, na wewe utaanza kazi bila mtu wa kukutambulisha, ukiwa na jina baya ambalo si lako. Utanikasirikia. Naomba unikasirikie waziwazi, usininunie kama mimi nilivyomnunia baba yako. Nakupenda kupita unavyodhani, na ninaona haya mbele yako kuliko mbele ya mtu yeyote.

Nasikia sauti zenu kule barabarani, naona kwaya inakusindikiza. Barua naiweka juu ya begi lako. Ukiisoma ukaona hutaki niende nawe, njoo uniambie sasa hivi, nitakusikiliza mpaka mwisho. Halafu nitapanda basi la nyuma yako.

Mama yako